Kijana wa mwaka wa kwanza umpange wapi?

Kila ikifika Agosti hapa Columbus, jimbo la Ohio, utasikia kauli moja kwa kinyozi, kituo cha mafuta na hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa: mwaka huu timu yetu changa. Timu inayosemwa ni Buckeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State. Aliyewahi kuishi Dar es Salaam wiki ya Simba na Yanga anaweza kuelewa mji huu unavyokuwa Jumamosi ya mechi. Kauli hiyo inanikera, kwa sababu inaishia njiani. Changa wapi? Nani mchanga, na amepangwa nafasi gani? Ukishanijibu hilo ndipo nitajua kama kuna la kuogopa.

Nasema hivi kama mtu aliyefundisha. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Tanga, na jioni nilikuwa kocha wa timu ya shule tuliyoiandaa kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye mbio nilimpanga winga bila kusita. Akipoteza mpira kule pembeni, wenzake wapo nyuma yake. Lakini beki wa kati sikumpa mtoto wa kidato cha kwanza, hata angekuwa mrefu kuliko wote. Beki wa kati anatakiwa aone hatari kabla haijafika na awapange wenzake kwa sauti. Mtoto wa miaka 14 atamwamrishaje kaka wa kidato cha nne?

Futiboli ya Kimarekani nimeijulia ukubwani, na aliyenifundisha ni mwanangu. Yeye anacheza safu ya mbele katika timu ya sekondari yake, wale vijana wakubwa wa mwili ambao kazi yao ni kumlinda kwotabeki, yule anayerusha pasi, na kumfungulia njia mkimbiaji anayebeba mpira. Hawashiki mpira, hawafungi, na mtangazaji hawataji mpaka wakosee. Kwa sababu yake, macho yangu yamezoea kuangalia pale ambapo wengine hawaangalii.

Kwa mlioko nyumbani, nieleze kidogo. Mchezaji wa chuo hupewa miaka 5 ambayo ndani yake anaweza kucheza misimu 4. Mwaka mmoja anaweza kukaa nje bila kuhesabiwa msimu, afanye mazoezi, ale, anyanyue vyuma, asome. Tangu 2018 anaruhusiwa hata kuonja mechi zisizozidi 4 na mwaka huo bado usihesabiwe. Kwa hiyo kikosi kimoja kina mtoto wa miaka 18 aliyemaliza sekondari juzi, na mwanaume wa miaka 22 au 23 aliyekwishacheza karibu mechi 50. Siku hizi wengi wa wale wadogo humaliza sekondari Desemba na kuripoti chuoni Januari, ili wapate mazoezi ya majira ya kuchipua. Hapa Ohio State kila mgeni hubandikwa mstari mweusi katikati ya helmeti yake. Mstari unabanduliwa siku makocha wakiridhika kwamba sasa ni Buckeye kamili. Napenda desturi hiyo. Ukiwa uwanjani wa mazoezi, huhitaji kuuliza nani bado.

Jeremiah Smith alibanduliwa mstari wake majira ya kuchipua ya 2024, kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo. Alitoka Florida, akapewa jezi namba 4 na nafasi ya mdakaji wa pembeni. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Akron, alidaka pasi 6 kwa yadi 92 na tachidauni 2, yaani mabao 2. Siku ile tulikuwa sebuleni kwangu, familia tatu, na rafiki yangu mmoja wa Bukavu alisimama mbele ya runinga akasema, "Huyu mutoto haogopi!" Hakuogopa msimu mzima. Alimaliza na pasi 76, yadi 1,315 na tachidauni 15. Kwenye fainali ya taifa tarehe 20 Januari 2025, Notre Dame wakiwa wameshaanza kuikaribia, kwotabeki Will Howard alimrushia yeye, mtoto wa mwaka wa kwanza, mpira wa yadi 56 uliomaliza ubishi. Ohio State 34, Notre Dame 23.

Baada ya usiku ule watu walianza kusema umri si kitu. Hapo ndipo nawaomba waangalie tena mkanda. Kabla Smith hajaudaka mpira ule, Howard alipata muda wa kusimama na kuurusha. Muda ule ulitoka wapi?

Ulitoka kwa watu kama Donovan Jackson. Hadithi yake ndiyo ninayompa mwanangu kila anapolalamika kuhamishwa nafasi. Jackson alikuwa mwaka wa nne, mlinzi wa ndani wa safu ya mbele upande wa kushoto, nafasi aliyoizoea kwa zaidi ya misimu miwili. Tarehe 12 Oktoba 2024, ugenini Oregon, mlinzi wa pembeni kushoto, Josh Simmons, aliumia goti na msimu wake ukaisha. Nafasi hiyo ndiyo inayolinda mgongo wa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia. Wakaja Nebraska, tukashinda 21-17 kwa tabu, na aliyepewa nafasi ile alizidiwa. Wiki iliyofuata, mechi ya Penn State, makocha walimtoa Jackson ndani wakampeleka pembeni. Pale pembeni unapambana na watu wepesi zaidi, una nafasi kubwa zaidi ya kulinda, na miguu inapigwa kwa namna nyingine. Alibabaika mwanzoni mwa mechi ile, kisha akatulia, tukashinda 20-13. Novemba hiyo Seth McLaughlin, mchezaji wa katikati ya safu anayeanzisha mpira na kuwapangia wenzake ulinzi, alikatika mshipa wa kisigino mazoezini. Nafasi yake akaichukua Carson Hinzman, ambaye msimu wa 2023 alikuwa amecheza hapohapo katikati.

Kwetu mchezaji wa namna ya Jackson tunamwita kiraka, na kiraka halisi huwa mkongwe. Mtoto wa mwaka wa kwanza bado anajifunza nafasi yake moja. Huwezi kumhamisha katikati ya msimu ukamtegemea. Ninapoulizwa uzoefu ni nini, jibu langu ni kwamba timu imepoteza watu wawili kati ya watano wa safu ya mbele na bado ikachukua ubingwa.

Haikuwa njia nyoofu, nikubali. Tarehe 30 Novemba, nyumbani, mbele ya watu zaidi ya laki moja, wakongwe haohao walifungwa na Michigan 13-10. Mji ulinyamaza wiki nzima na wengine walitaka kocha Ryan Day afukuzwe. Lakini kikosi kile kilikuwa na vijana waliokataa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka mmoja kabla ili warudi kumaliza kazi: Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Jack Sawyer, JT Tuimoloau. Walijua kufungwa na Michigan kunauma vipi kwa sababu walikuwa wamefungwa nao miaka yote. Ndiyo sababu hawakusambaratika. Sawyer, mtoto wa Pickerington, jirani kabisa na hapa, ndiye aliyempokonya mpira kwotabeki wa Texas kwenye nusu fainali na kukimbia nao yadi 83. Sidhani kama timu ya watoto ingeinuka baada ya Novemba ile.

Sasa niseme kwa nini safu ya mbele hasa. Kwanza ni mwili. Wachezaji wa nafasi hii katika vyuo vikubwa huwa na kilo 135 na zaidi. Kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na kilo hizo, lakini mara nyingi ni kilo za sekondari: uzito upo, nguvu ya nyonga na mgongo haijaja. Anayempambana naye ana miaka 22 na amenyanyua vyuma miaka minne chini ya wataalamu. Mbinu yenyewe ni ya ajabu: mlinzi anarudi kinyumenyume huku mtu mzito anamjia mbele kwa kasi, na lazima mikono yake ifike kifuani kwa adui kabla ya ile ya adui kufika kwake. Mwanangu aliniambia jambo hili kwa maneno mepesi kuliko kitabu chochote. Tulikuwa tunarudi nyumbani baada ya mechi aliyozidiwa. Nikamwambia yule kijana alikuwa mkubwa. "Hapana, Baba," akasema, "kwa mwili tuko sawa. Yeye anajua mikono aiweke wapi, mimi bado nafikiria."

Bado nafikiria. Pale mbele hakuna muda wa kufikiria. Watu wa adui wanaomsaka kwotabeki hupishana makusudi, mmoja anavuka kushoto na mwingine anazunguka kulia, na watu wawili wa safu yako wanatakiwa wabadilishane bila kuambiana, kelele za uwanja zikiwa zimefuta kila sauti. Mdakaji akikosea, pasi imeanguka, mnajaribu tena. Mmoja kati ya wale watano akikosea, wanne waliofanya sawasawa wamefanya bure, na kwotabeki amelala chini ameshika bega.

Chuo cha Alabama walilipa gharama hiyo mwaka 2023. Nafasi ya pembeni kushoto walimpa Kadyn Proctor, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Iowa, mwenye mwili wa kutisha. Si makosa yote yalikuwa yake, lakini kwotabeki wao Jalen Milroe aliangushwa msimu mzima, na kwenye nusu fainali ya Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 2024 Michigan walimwangusha mara 6 wakashinda 27-20 katika muda wa nyongeza. Michigan ile ilikuwa imejaa watu wazima waliorudi kwa mwaka wa mwisho, akiwemo mkimbiaji Blake Corum. Kuisifu Michigan ukiwa Columbus si jambo la kupendeza majirani, lakini ukweli ni ukweli. Na Proctor? Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa walinzi bora nchini. Kipaji kilikuwepo tangu mwanzo, ila miaka yake ilikuwa haijatimia.

Nakiri wapo wa kipekee. Mitch Hyatt alianza kushoto mwa safu ya Clemson mwaka 2015 akiwa mwaka wa kwanza, na timu ikafika fainali. Lakini tazama kilichotokea 2018. Trevor Lawrence, kwotabeki wa mwaka wa kwanza, aliichapa Alabama 44-16 kwenye fainali na dunia nzima ikamwimba yeye. Aliyekuwa anamlinda mgongo ni Hyatt yuleyule, sasa mwaka wa nne, na kwenye safu ya ulinzi Christian Wilkins na Clelin Ferrell walikuwa wamekataa NFL ili warudi. Damu changa iliwekwa pale inapofaa, na wakongwe wakaizunguka.

Jirani yangu, mzee aliyesoma Ohio State enzi za kocha Woody Hayes, huniambia kwamba mjadala huu ni wa zamani kuliko mimi. Kabla ya 1972 vijana wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kabisa kucheza timu kubwa. Walikuwa na timu yao pembeni na kazi yao nyingine ilikuwa kupigwa mazoezini na kaka zao. Kwa hiyo mwaka 1968 timu changa maana yake ilikuwa mwaka wa pili, na Hayes aliwapanga wengi. Rex Kern alikuwa kwotabeki, Jack Tatum ulinzi, Jim Stillwagon katikati ya safu ya ulinzi. Mzee anapenda kusimulia mechi ya kwanza dhidi ya SMU: jaribio la nne na la mwisho, zimebaki yadi 10, benchi limemtuma mpiga mpira aingie aupige mbali, na Kern, mtoto wa mwaka wa pili katika mechi yake ya kwanza, akampungia mkono arudi, akakimbia mwenyewe na kuzipata yadi. Hayes hakuwa mtu wa kupuuzwa. Anapofika hapo mzee hucheka mpaka anakohoa. Mwaka ule waliifunga Purdue iliyokuwa namba moja 13-0, wakaitandika Michigan 50-14, wakachukua ubingwa kwa kuishinda USC ya O.J. Simpson 27-16.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, na mwaka uliofuata, walipokomaa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuliwafundisha Michigan kutuchukia." Novemba 1969, timu ileile, sasa yenye uzoefu na ambayo wengi waliiona haifungiki, ilifungwa Ann Arbor 24-12. Kwa hiyo umri mkubwa nao si dawa. Kinachonivutia kuhusu 1968 ni kwamba vijana wale hawakuwa wageni wa kweli: walikuwa wametumia mwaka mzima wa 1967 kupambana kila wiki na wakubwa mazoezini. Walikuwa wachanga kwenye karatasi tu.

Sheria ilipobadilika 1972, aliyefaidi hapa alikuwa Archie Griffin, mtoto wa Columbus hapahapa. Mechi ya kwanza, dhidi ya Iowa, aligusa mpira mara moja na akaudondosha. Mechi ya pili, dhidi ya North Carolina, Hayes akamwingiza tena. Alikimbia yadi 239, rekodi ya chuo wakati huo, na baadaye akashinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 1974 na 1975, mtu pekee aliyewahi kuishinda mara mbili. Mkimbiaji ni kama mdakaji, miguu inaweza kutangulia akili. Hata hivyo namheshimu zaidi Hayes katika kisa hicho. Kumrudisha uwanjani wiki inayofuata mtoto aliyedondosha mpira mbele ya mji wake mwenyewe kunahitaji moyo, na makocha wengi niliowaona katika maisha yangu, Tanga na hapa, hawana moyo huo.

Msimu wa 2025 ndio ulionisukuma kuandika. Wachezaji 14 wa ule ubingwa walichaguliwa kwenye drafti ya NFL, wanne kati yao raundi ya kwanza, Jackson na Simmons wakiwemo. Kwotabeki mpya akawa Julian Sayin, aliyekaa benchi mwaka mzima. Tarehe 30 Agosti tuliifunga Texas 14-7. Sayin alirusha 20, zikafika 13, yadi 126 tu. Sebuleni kwangu walilalamika kwamba kocha anamficha mtoto. Mimi nilifurahi. Ndivyo mgeni anavyoingizwa: mpe kazi anayoiweza, ulinzi ubebe mzigo, kesho umwongeze. Na aliongezwa. Timu ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa, Michigan wakachapwa kwao 27-9, Sayin akaingia kwenye fainali za Heisman, na kijana wa mwaka wa kwanza, mkimbiaji Bo Jackson wa Cleveland, akavuka yadi 1,000.

Kisha Desemba ikaja na watu wazima. Indiana walitufunga 13-10 kwenye fainali ya Big Ten, ligi yetu, na siku ya mwisho ya mwaka Miami wakatutoa kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa 24-14. Kwotabeki wa Miami, Carson Beck, alikuwa na miaka 23 na alianza chuo mwaka 2020. Sayin alikuwa na 20. Lakini sikuona tofauti kubwa kwenye mikono yao. Niliiona kwenye safu za mbele: upande wao watu wakubwa waliokuwa wanajua wanachofanya, upande wetu Sayin anakimbizwa kabla hajamaliza kuangalia. Kesho yake mjini watu wote walisema kijana hana uzoefu. Mimi sikukubali kumbebesha kijana yule mzigo wa watu watano.

Kinachonisumbua zaidi sasa ni kwamba njia ya kumkuza mlinzi wa safu ya mbele inafungwa. Tangu 2021 vijana wanalipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2024 wanaweza kuhama chuo kila mwaka bila adhabu. Kijana kulipwa nakuunga mkono kwa moyo wote. Jasho ni lake. Lakini kocha mwenye haraka hataki tena kumsubiri mtoto wa miaka 18 akomae miaka miwili. Ananunua mtu wa miaka 22 aliyekomazwa na chuo kingine kidogo, na yule mtoto anaondoka bila kufundishwa. Zaidi ya hapo, tangu 2025 vikosi vimewekewa ukomo wa wachezaji 105, wakati zamani vijana waliojilipia karo walikuwa wanaongezwa mwisho wa orodha na wengine wakikomaa kimyakimya. Kama kila mtu ananunua waliokomaa, nani atawakomaza?

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu wa sekondari uliobaki. Inawezekana hakuna chuo kitakachomwandikia, na sitalia kwa hilo, ana kichwa kizuri cha hisabati. Lakini ikitokea kocha akaja kukaa kwenye kochi letu, mama yake atampa chai na maandazi, na mimi nitakuwa na maswali mawili. La kwanza: wale vijana wa safu ya mbele uliowachukua miaka mitatu iliyopita wakiwa na miaka 18, wangapi bado unao? La pili nitamuuliza mbele ya kijana mwenyewe, ili naye asikie jibu: mwaka wake wa kwanza, ambao hatacheza, ni nani hasa atakayesimama naye kila siku kumwonyesha mikono aiweke wapi?